Mbwa mdogo aliyevunjika mguu: jinsi ya kumsafisha bila kumlowesha

Tausi, mbwa wetu, ana kilo nne na ushei, na manyoya meupe marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Mwezi wa Aprili, masika ikiwa imekolea hapa Tanga, pikipiki ilimpiga kikumbo mbele ya geti letu na muundi wa mguu wake wa nyuma, wa kushoto, ukavunjika. Daktari wa mifugo alimpiga picha, akamlaza kwa dawa, akaunyoosha mguu na kuufunga plasta kuanzia vidoleni hadi pajani. Tukarudi nyumbani na dawa za maumivu, karatasi yenye tarehe za kurudi, na agizo moja ambalo sikulitilia maanani: "Dada, plasta isilowe."

Siku ya nne alinuka mkojo na matope. Nikamwogesha. Mguu niliuviringishia mfuko wa nailoni, nikaukaza kwa mpira wa kufungia noti, nikaamini nimefanya kazi nzuri. Maji yalipenya kwa juu, pale pajani, yakashuka ndani bila mimi kuona. Baada ya siku mbili plasta ilianza kutoa harufu ya kitu kinachooza. Ilipokatwa, ngozi ya chini ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, na juu ya kifundo palikuwa na kidonda kibichi. Akalazwa tena kwa dawa, akafungwa upya, na kidonda kile kilituchukua wiki tatu kukiuguza.

Naandika hatua hizi kwa mtu aliyerudi nyumbani leo na mbwa wa namna hiyo mikononi. Kubwa ninalotaka alishike ni kwamba kwa muda wote huu mbwa msafi ni mbwa mkavu. Tope likikauka linachanika na kupukutika. Unyevu ndio unaokula ngozi. Na muda wenyewe ni mrefu: mfupa wa mtoto wa mbwa huweza kushika ndani ya wiki 4 hadi 6, lakini wa mbwa mzima huhitaji wiki 8 hadi 12. Kwa hiyo usianze na utaratibu ambao utakuchosha kabla ya Ijumaa ya kwanza.

Kabla hujaondoka kwa daktari

Yako mambo ambayo ni mepesi pale kliniki na magumu sana nyumbani. La kwanza ni manyoya. Mbwa akiwa bado amelala kwa dawa, mwombe daktari anyoe kuzunguka njia ya haja kubwa, chini ya mkia, sehemu za siri, na ndani ya mapaja yote mawili. Ni kazi ya dakika chache, na mbwa hana habari. Mimi sikuomba. Nilikuja kuyakata mwenyewe siku ya sita, mtu mmoja kashika kichwa, mimi nina mkasi, na jioni nzima ikaishia hapo. Ikikulazimu kufanya hivyo, tumia mkasi wa ncha butu, ingiza kitana kati ya ngozi na fundo la manyoya, kisha ukate yaliyo juu ya kitana tu. Ngozi ya kinena ni nyembamba, huvutika pamoja na manyoya, na ukikata bila kitana utamjeruhi.

La pili ni kuelewa mguu umefungwaje, kwa sababu usafi unafuata hapo. Wa plasta au vibanzi hatakiwi kupata maji kabisa hadi siku ya kufunguliwa. Aliyewekewa chuma kwa ndani ana mshono; huyo asiogeshwe hadi nyuzi zitolewe, ambayo kwa kawaida ni siku 10 hadi 14, na hata baada ya hapo usubiri daktari aseme ndiyo. Wa vyuma vya nje, vile ambavyo watu mahospitalini huviita antena, ana matundu mahali vyuma vinapoingia kwenye ngozi. Mwambie daktari akuoneshe kwa mikono yake mwenyewe namna ya kuyasafisha na kwa dawa gani. Spiriti na haidrojeni peroksaidi usizipake kwenye mshono wala kwenye matundu hayo, maana huunguza nyama changa inayojaribu kuziba.

Uliza pia kuhusu dawa ya maumivu: itatosha hadi tarehe ya kurudi? Mbwa mwenye maumivu hakubali kuguswa, na asiyeguswa hasafishiki. Ikiisha, rudi kwa daktari. Usimpe panadol, ibuprofeni wala diklofenaki za nyumbani. Hizo huharibu ini, figo na tumbo la mbwa, na kwa mnyama wa kilo nne kidonge kimoja kinaweza kumaliza maisha.

Na kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepitwa na wakati, sema pale pale. Utakuwa unamshika mahali panapouma kila siku, na hata mbwa mpole huuma akiumizwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali.

Mahali pa kukaa

Mbwa huyu hatakiwi kukimbia wala kuruka, kwa hiyo anahitaji pahali padogo: kizimba, boksi kubwa lililokatwa upande mmoja, au kona iliyozibwa kwa mbao. Atoshe kusimama, kugeuka na kujilaza, basi. Sisi tulimwekea kibaraza cha uani, chini ya paa, mbali na michirizi.

Chini tandika mkeka wa plastiki. Juu yake gazeti, kisha shuka au taulo kuukuu. Mahali nyonga zinapolala niliweka pampasi ya mtoto iliyofunguliwa na kulazwa kama kitambaa, upande laini juu. Hunywa mkojo wote wa ajali za usiku na kuacha nguo kavu. Usimvalishe pampasi kutwa nzima. Joto na mkojo vikikaa pamoja ndani yake ngozi itababuka. Na kama mbwa wako ni mtafunaji, iache kabisa, kwa kuwa ile chembechembe ya ndani huvimba ikimezwa.

Badilisha matandiko kila yakilowa, hata kama ni mara nne kwa siku. Wakati wa masika hapo ndipo penye shughuli, kwani nguo hazikauki. Niliweka zamu ya seti tatu: moja imetandikwa, moja iko kambani chini ya paa, moja imepigwa pasi. Pasi inasaidia kuliko unavyodhani, hukausha unyevu ule ambao mkono hauusikii. Mkojo sakafuni uoshe kwanza kwa maji na sabuni hadi uishe. Usimwagie jiki juu ya mkojo, maana mchanganyiko huo hutoa moshi unaochoma macho na kifua, chako na chake.

Mabaki ya chakula yaondoe kila akimaliza kula. Sisimizi wakishalijua boksi watapanda hadi kwenye plasta, na mbwa hawezi kujikuna humo ndani.

Nyumbani kwetu mama husali, na kwa wafuasi wa Imam Shafii, ambao ndio wengi wetu wa pwani, kilichoguswa na mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mama hakumkataa Tausi. Alisema tu, "Mwanangu, vitu vyake viwe vyake." Kwa hiyo beseni, taulo, ndoo na kamba ya kuanikia vilikuwa vya mbwa peke yake, na mimi nilikuwa na kanga maalumu ya kuvaa wakati wa kumhudumia, niliyoivua mlangoni. Hata kwa nyumba isiyo na swala ningeshauri vivyo hivyo. Kitambaa kilichofuta nyuma ya mbwa hakina kazi nyingine duniani.

Kwenda haja

Hapa ndipo plasta nyingi zinapoharibikia, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Muundi ukivunjika, plasta lazima izuie goti la juu yake na kifundo cha chini yake, kwa hiyo hupanda hadi pajani. Ukingo wake wa juu unaishia kinenani, karibu kabisa na pale mkojo wa jike unapotokea. Jike huchuchumaa, mguu mmoja ukiwa hauwezi kukunjika hupinda upande, na mkojo hushuka moja kwa moja kwenye ukingo ule. Dume naye hawezi kunyanyua mguu, hukojoa akiwa amesimama, na manyoya ya tumboni huloa.

Dawa yake ni kanga. Ikunje kwa urefu mara kadhaa hadi ibaki upana wa kiganja, ipitishe chini ya tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, kisha shika ncha zote mbili juu ya mgongo kama mkono wa kikapu. Usimning'inize, mpunguzie uzito tu. Kwa jike, anapochuchumaa mwegemeze kidogo upande wa mguu mzima, ili mkojo uangukie huko. Mkono wa pili ushike kitambaa kikavu kati ya kinena na ukingo wa plasta, ukiondoe akimaliza. Usikiingize ndani ya plasta hata kidogo. Kitabaki humo na kufanya kidonda. Kwa dume kanga isogee mbele zaidi isimbane uume.

Mguu wa chini unahitaji kofia kila anapotoka nje. Tangu mifuko ya plastiki ya sokoni ilipopigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na kwetu Tanzania Juni 2019, watu huniuliza watumie nini. Mfuko wa mkate unafaa ukiwa haujatoboka. Ulio bora ni mfuko wa dripu iliyokwisha: mwombe daktari, ukate juu, uukaushe, utoboe matundu mawili na kupitisha utepe wa kitambaa. Ni mzito, hauchaniki kwa kokoto. Ufunge kwa kulegea, juu ya plasta yenyewe na kamwe si juu ya ngozi. Mpira wa noti ule niliotumia mimi ungeweza kumkata damu kuelekea vidoleni. Mkirudi ndani, vua mara moja. Mbwa hutoka jasho kwenye nyayo, na mfuko ukikaa zaidi ya nusu saa utalowesha bendeji kutoka ndani.

Ukiwa na karai, jaza mchanga mkavu uliweke chini ya paa. Tausi alikataa siku mbili. Ya tatu nikaweka juu ya mchanga kipande cha gazeti chenye mkojo wake mwenyewe, akaelewa. Tangu hapo mvua haikutuhusu tena. Mtoe mara ya mwisho saa nne usiku na mara ya kwanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na mchana kila baada ya saa nne.

Akimaliza, bonyezabonyeza kwa kitambaa kikavu, usisugue. Kisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu tena. Kwa jike futa kutoka mbele kwenda nyuma, usirudishe uchafu wa nyuma kwenye njia ya mkojo. Ngozi iliyonyolewa ikianza kuwa nyekundu, paka mafuta ya mgando, utando mwembamba tu, na uyaache mbali na ukingo wa plasta ili yasilainishe gundi ya bendeji. Ile krimu nyeupe ya watoto ya vipele vya pampasi usiitumie. Ina zinki, mbwa atairamba, nayo humdhuru.

Kuhusu choo kikubwa nina neno moja: usimbadilishie chakula ghafla. Watu humhurumia mgonjwa wakamletea maini, maziwa na mchuzi wa mafuta, na mbwa anaharisha juu ya plasta. Mpe alichozoea, kiasi kidogo kuliko zamani kwa kuwa hakimbii. Akiharisha kwa sababu ya dawa, mpigie daktari siku hiyo hiyo.

Kumpangusa kila siku

Chagua saa moja isiyobadilika. Sisi ilikuwa saa kumi alasiri, jua likiwa bado na nguvu. Andaa mabeseni mawili ya maji ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, na vitambaa vitano au sita vidogo vya pamba. Kila kitambaa kikamuliwe hadi kisitoe hata tone. Sabuni ya kufulia na ya kuogea ya watu viache, hukausha ngozi ya mbwa. Kama kuna kunata, tone moja la shampuu ya mbwa kwenye beseni la kwanza, na beseni la pili la maji matupu kwa kuondolea.

Mlaze kwa upande wa mguu mzima, plasta iwe juu, imelazwa juu ya taulo kavu. Anza machoni, kitambaa chake. Kisha mdomo na kidevu, ambako chakula huganda, hasa akiwa na kola, ile koni ya shingoni ya kumzuia asirambe mguu. Halafu masikio kwa nje tu, kwapa, kifua, tumbo. Nyuma iwe mwisho, na kitambaa chake kiende moja kwa moja kwenye ndoo ya kufua. Kausha kila sehemu kabla ya kwenda inayofuata. Ukichoka katikati, acha. Sehemu zilizobaki zitasubiri kesho, isipokuwa nyuma.

Baada ya hapo kitana. Mbwa asiyetembea manyoya yake hufunga mafundo upande anaolalia, na chini ya fundo ndipo unyevu unapojificha. Kwa harufu na mafuta ya manyoya, nyunyiza wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuzitishia mchuzi, kidogo mgongoni na ubavuni, uuache dakika 10, uuchane utoke. Ni kwa manyoya makavu tu. Ukikutana na unyevu unakuwa gundi. Usiupeleke karibu na plasta wala mshono.

Kola usiisahau. Mbwa akiramba plasta au mshono kazi yote inapotea. Kama kliniki haina saizi yake, karatasi ya eksirei ya zamani ikikunjwa koni na kingo zake kuzibwa kwa utepe laini wa gundi inafaa sana. Yetu ilikuwa hiyo. Ifute ndani na nje kila baada ya mlo, kwa sababu inakusanya mate na mabaki ya ugali, na shingo ya chini yake ikaguliwe.

Plasta yenyewe, asubuhi na jioni

Haisafishwi. Tope likiishika, subiri likauke, ulipige brashi ya meno kavu. Kazi yako ni kuikagua, na inachukua dakika moja. Tazama vidole viwili vya katikati vinavyochungulia chini: kucha zake zinatakiwa zilale pamoja. Zikiachana, mguu unavimba ndani. Gusa, viwe na joto sawa na vya mguu mwingine. Pitisha kidole ukingoni juu, pasiwe na wekundu wala mchubuko. Kisha nusa, pua karibu kabisa. Harufu ya mbwa unaifahamu. Ile ya uozo utaitambua hata kama hujawahi kuikuta.

Vidole vilivyovimba au baridi, harufu mbaya, plasta iliyolowa au iliyoteleza, mbwa aliyeanza ghafla kuitafuna: yote haya ni ya kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kwenye karatasi. Plasta iliyolowa usijaribu kuikausha kwa jua wala kwa mashine ya nywele. Nje itakauka, ndani itabaki mbichi.

Nzi na kupe

Hili linawapata watu wa nchi zetu zenye joto kuliko wanavyotarajia. Nzi hutaga mayai kwenye manyoya yenye mkojo, kinyesi au usaha, na funza hutoka ndani ya siku moja. Mayai yanaonekana kama chembe ndogo za mchele uliokwama kwenye manyoya. Ukiyaona, kata manyoya hayo uyatupe mbali, kisha mkague mbwa mzima. Ukiona funza mmoja karibu na plasta, chukulia wako na wengine ndani, uende kliniki hata kama ni Jumapili. Chandarua cha mtoto, kile cha mwavuli, juu ya boksi ndicho kilichotusaidia kuliko dawa yoyote.

Kupe mtafute kwa vidole kila ukimpangusa: ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu mizima, chini ya kola. Kwa kumkinga mwombe daktari tone la shingoni au kidonge kwa kadiri ya uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake. Ni maji kwanza, na isitoshe ni sumu kali kwa mbwa mdogo ikipimwa kwa kukisia.

Plasta ikishatoka

Usishtuke. Mguu utakuwa mwembamba, ngozi ina magamba, manyoya yanatoka kwa vipande na harufu ni nzito. Tamaa ya kumtumbukiza beseni ni kubwa, lakini siku hiyo pangusa tu, na uangalie kama kuna mchubuko wowote. Mchubuko ukiwepo, maji yasubiri ukauke. Daktari akisharuhusu, mwogeshe mchana wa jua, beseni likiwa na taulo chini ili asiteleze, maji yasipite matumbo ya miguu, mmoja ashike na mwingine aoshe. Shampuu ya mbwa, suuza hadi maji yawe meupe, kisha taulo mbili kavu, na mbebe hadi juani. Asijitikise akiwa amesimama kwenye vigae vyenye maji, maana mfupa mpya haujazoea kuteleza.

Tausi alioga mwezi wa Julai. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai, ya tatu yakawa safi. Mara ya pili tulimwogesha baada ya wiki mbili, na katikati tuliendelea na vitambaa vyetu saa kumi.